Chupa Iliyopungua

Mama alikuwa na sugu ya mkasi. Ndivyo tulivyoiita sote, hata yeye mwenyewe. Ilikuwa kwenye kiganja cha kulia, chini ya kidole cha kati, pale pale mkasi unapomsugua mtu. Ngumu kama punje ya mahindi, haiumi, haiwashi. Fundi cherehani wa miaka ishirini kazini asiye na sugu, Mama alikuwa anasema, huyo anakata nguo kwa meno.

Jirani yetu wa mlango wa pili tunamwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Alikuwa anakuja kukaa kwenye benchi la wateja hata kama hashoni kitu.

"Fundi, hilo lisugu lako siku moja litazaa."

"Likizaa nitakuletea ulee," Mama akajibu na pini mdomoni. "We si unayo nafasi?"

Likazaa kweli. Kapunje kengine kakatokea juu kidogo ya lile la kwanza, halafu ngozi ikapasuka, ikawa kidonda kidogo kisichofunga. Mama alikizungushia kitambaa akaendelea na kazi. Siku tone la damu lilipodondoka kwenye gauni jeupe la mteja ndipo alipokubali kwenda hospitali. Si kwa ajili ya mkono. Kwa ajili ya gauni.

Mama yangu ndivyo alivyo kwa vitu vya watu. Ukimletea kitambaa, utapewa nguo yako pamoja na mabaki yote yamefungwa fundo, hata kipande kisichozidi kidole gumba. "Kitambaa alinunua yeye," anasema. "Mimi cha kubaki nacho kipi?" Nikitumwa kwa Redio kurudisha kikombe cha sukari tulichoazima, kilikuwa kinarudi na kilele juu. Kitu cha mtu hakirudi pungufu. Hilo nililisikia kabla sijajua kusoma.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mikono yake midogo kama ya mtoto. Pale hospitali wanamwita Daktari Taratibu, maana ndilo neno lake. Hakuangalia sugu tu. Alibonyeza kifundo cha mkono, akapanda na vidole mpaka kwenye kiwiko, akaingia mpaka kwapani.

"Imekaa muda gani?"

"Mwaka na nusu. Ni sugu tu, daktari."

"Sugu haitembei, mama. Hii inatembea." Akavuta kiti. "Taratibu, usiogope. Kuna uvimbe mmoja ni adimu sana, unapenda viganja na vidole. Unajifanya sugu, unajifanya chunjua, watu wanauchoma unarudi. Tangu nianze kazi nimeuona mara mbili tu. Sisemi ndio huu. Tukate kipande kidogo, kipande ndicho kitasema."

"Na kikisema ndio?"

"Kama bado uko hapa kwenye kiganja, natoa hiki kidole pamoja na mfupa wake wa ndani. Gumba linabaki, na vingine vitatu."

Mama aliutazama mkono wake kama anatazama wa mtu mwingine. "Mkasi nitashika?"

"Utashika."

Nilimwona akipumua. Mimi pia nikapumua. Kila sare niliyowahi kuvaa, kila sahani tuliyowahi kula, vilitoka kwenye mkono ule. Baba simkumbuki.

Kipande kilikatwa Ijumaa. Maabara ya kusoma vitu hivyo haikuwa pale, ilikuwa hospitali nyingine upande wa pili wa mji, na kazi ya kupeleka ni ya ndugu wa mgonjwa. Nesi akatoka na kichupa cha plastiki. Ndani yake dawa nyeupe kama maji, na chini kitu kidogo kama harage. Mama alikuwa na kizunguzungu, Mama Mdogo amemshika. Nikabaki mimi, na sare yangu ya shule.

"Ikae wima," nesi akasema. "Dirisha lao linafungwa saa tisa na nusu. Kimbia."

Nikakimbia. Nilikiweka kichupa kwenye mkoba katikati ya madaftari, nikakimbia kweli kweli, nikashuka ngazi mbili mbili. Kwenye foleni ya maabara ndipo niliposikia ubaridi mgongoni. Halafu harufu ikanichoma macho. Nikatoka pembeni, nikafungua mkoba. Kifuniko kilikuwa kimekaa upande. Karibu dawa yote ilikuwa imenywewa na daftari langu la historia, na kipande cha Mama kimeganda chini ya chupa, kwenye dawa isiyofika kijiko kimoja.

Nilichowaza wakati ule ndicho kinachonichoma mpaka leo. Sikuwaza ugonjwa. Niliwaza nitampaje mtu chupa pungufu.

Nilikuwa na maji yangu ya kunywa, ya kuchemsha, safi. Kulikuwa na bomba pale uani ila nililikataa, nikaona la kwangu ni salama zaidi. Nikajaza mpaka pale pale ilipokuwa dawa ya nesi. Nikakaza kifuniko, nikakifuta kwa sketi. Nikarudi kwenye foleni.

Mzee wa dirishani alikuwa na miwani iliyofungwa kwa kamba nyuma ya kichwa. Alikiinua kichupa kwenye mwanga, akakinusa. Harufu ilikuwepo bado.

"Dawa haikumwagika njiani?"

Nyuma yangu watu walikuwa wanaguna, muda unaisha. Mimi hata darasani jibu ninalolijua silinyooshei mkono. Nikatikisa kichwa kukataa.

"Umemeza ulimi?" akasema, na watu wakacheka. "Haya, bibi. Jumatatu tutaanza nacho."

Wiki tatu baadaye Daktari Taratibu aliisoma karatasi mara mbili kabla ya kuongea.

"Hakisomeki. Kipande kimeoza kabla ya kufika kwenye darubini." Akainua macho. "Nani alikibeba?"

"Binti yangu huyu," Mama akasema haraka. "Na huyu simtilii shaka. Huyu ukimtuma uzi mweusi hakuletei wa bluu iliyokolea."

Daktari aliniangalia. Nikaangalia viatu vyangu. Kamba ya kushoto ilikuwa imefunguka, nikainama kuifunga, na nilipoinuka maneno yalikuwa yameshahamia kwingine.

Nyumbani Redio alikuwa na jibu lake. "Ni yule babu wa miwani ya kamba! Anachezea tu chupa za watu pale. Mshtakini."

Mama Mdogo akaenda kumshtaki kweli. Nilikuwa napiga pasi. Nilimwona anafunga viatu, anatoka mlangoni, nami nikaendelea na pasi.

Kipande cha pili kilichelewa kukatwa, maana chumba cha upasuaji kilikuwa kinakarabatiwa. Kilipokatwa, Mama Mdogo alikibeba mwenyewe mapajani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kifaranga. Jibu likaja, ndio wenyewe, ule adimu. Lakini kufikia hapo hata bila jibu tulikuwa tunaona. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na vinundu viwili na juu yake kingine, chini ya ngozi, kama vifungo vilivyoshonewa kwa ndani.

"Kama lile jibu la kwanza ningelipata..." Daktari akaanza, kisha akaacha. Alichukua kalamu, akachora mstari katikati ya kifundo na kiwiko. "Sasa ni hapa, mama. Nikikata chini ya hapa nitakuwa nakudanganya."

Mama aliuangalia ule mstari muda mrefu.

"Umepinda," akasema.

"Nini?"

"Mstari wako, daktari. Umepinda upande wa huku."

Daktari akaufuta kwa pamba na spiriti, akachora mwingine, taratibu. Mama akaitikia kwa kichwa kwamba sasa umenyooka.

Alipewa siku tano. Zote alizitumia kumaliza nguo za watu. Siku ya tatu, mchana, nimerudi kutoka shule, nilimkuta anakata kitambaa cha mwisho. Mkasi ulikuwa unaenda kama kawaida, krrr, krrr, ila alikuwa anauma mdomo. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu mgongoni.

"Mama, ile chupa ilimwagika."

Hakuinua kichwa. "Chupa gani?"

"Ya kwanza. Dawa iliisha. Nikajaza maji ya kunywa, ili isiwe pungufu. Waliniuliza nikakataa."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Nje Redio alikuwa anamcheka mtu. Nikangoja Mama anipige, nikatamani anipige. Mkasi ukaanza tena kwenda, krrr, mpaka mwisho wa mstari wa chaki.

"Ungesema," akasema.

Basi. Kesho yake aliniambia tu lete maji, funga mlango, kula. Mama Mdogo akaniuliza kuna nini kati yenu, nikajua Mama hajamwambia. Usiku ule nililala kitanda kimoja naye kama siku zote. Aliuweka mkono wa kulia juu ya blanketi, upande wangu, na sikuthubutu kuugusa.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Daktari alitoka saa nane, kofia mkononi, nywele zimemlalia. Akasema amekata pale pale kwenye mstari, kingo zinaonekana safi, ila mkono wote lazima upelekwe maabara waangalie kama kuna kilichobaki. Nilimfuata kwenye korido. Sijui miguu ilitoka wapi.

"Daktari. Kama ile chupa isingeharibika, angebaki na mkono?"

Alinitazama, na nikaona kwamba alikuwa anajua tangu siku ile ya kamba ya kiatu.

"Sijui," akasema. "Uvimbe huu ni mjanja, pengine ulikuwa umeshapita. Pengine bado. Ningekwambia hapana ningekuwa nakupoza tu." Akaniwekea kile kimkono chake begani. "Lakini kosa la kichupa kisichofungwa vizuri lilianza kwetu, si kwako. Hilo nalo ulibebe, usibebe lako peke yake."

Jioni Mama alikuwa amezinduka. Bandeji ilikuwa kubwa, ikaishia ghafla, na jicho langu likawa linaendelea kutafuta mbele yake. Nesi akaingia na ndoo nyeupe yenye kifuniko, imezungushiwa utepe mara nyingi.

"Ndugu wa fundi? Hii wanaingoja kule maabara, wapo mpaka usiku leo."

Mama Mdogo akainuka, akaanza kulia hapo hapo. Akanyoosha mikono.

"Mpe huyo," Mama akasema.

Sauti ilikuwa nyembamba, ya dawa. Sote tukageuka.

"Dada, huyu ni mtoto. Mkono wa mama yake..."

"Anajua njia."

Macho ya Mama yalikuwa yamefumbwa. Nikasogea. Nikashika ndoo kwa chini na kwa mpini, ikawa nzito kuliko nilivyodhani na nyepesi kuliko ilivyotakiwa.

"Mwanangu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu siku ya mkasi. "Waulize kama wanarudisha mabaki."

Sikukimbia. Mama Mdogo alinisindikiza mpaka getini, akashindwa kuingia. Foleni haikuwa ndefu, watu watatu wanne. Mzee wa miwani ya kamba alinitambua, nikaona uso wake unajifunga.

"Leta," akasema.

"Fungua kwanza uangalie dawa."

"Imefungwa vizuri, naona."

"Fungua, mzee. Tafadhali. Nataka uangalie imefika wapi."

Mzee akavuta ndoo kwake. Akakata utepe, akainua kifuniko kwa upande wake, akanikinga nisione.

"Imeufunika wote," akasema, sauti imeshuka. "Ipo ya kutosha."

"Ile ya kwanza, kipande cha kiganja, kile kilichooza. Nilikitia maji mimi. Ilimwagika, na uliponiuliza nilikudanganya. Kosa halikuwa lako."

Alifunga ndoo. Akazungusha utepe mpya, mara moja, mbili, tatu. "Nilipewa barua ya onyo kwa kile kipande," akasema. "Miaka thelathini na moja hapa, sijawahi kupewa."

"Nitamwambia mkubwa wako. Hata sasa hivi."

"Mbona siku ile hukusema, binti?"

"Niliona haya."

 Mzee alivuta daftari lake kubwa akaandika tarehe, saa, na jina la Mama, polepole, herufi moja moja.

"Mkubwa yuko mlango wa tatu," akasema. "Gonga kwa nguvu, hasikii vizuri."

"Mama anauliza kama mnarudisha. Mkimaliza."

Alinitazama juu ya miwani. Nadhani alitaka kucheka, halafu akaona sifanyi mzaha.

"Wiki mbili. Ndugu wakitaka kwenda kuzika, tunawapa. Lakini aje mtu mzima, kuna kusaini."

"Atakuja mwenyewe," nikasema. "Atasaini kwa kushoto."

Nikaenda mlango wa tatu, nikagonga.