Rangi ya Kitenge Kipya

"Maji yakitiririka bombani?" Jovina aliuliza, akitaka neno la Kiingereza.

"Run," Kashindye alijibu, akikamua shuka.

"Sabuni ikituishia?"

"Run out."

"Mama Wilhelmina akiendesha gesti yake hii?"

"Run! Dada Jovina, hicho kitenzi hakichoki? Shuleni kilikuwa kukimbia tu."

"Uliacha darasa la tano, mdogo wangu. Kilikuwa bado kinapasha misuli." Jovina alimrushia povu. "Na nguo ikichuja rangi?"

"Run!" Kashindye alitundika shuka kambani.

Jovina wa mapokezi alikuwa anarudi Bukoba kuolewa, na kiti chake kilihitaji mtu. Asubuhi hiyo mama mwenye gesti alikuwa amesema wazi: "Kashindye, yule bibi Mwingereza leo ni wako. Ukimnyamazia kama unavyoninyamazia mimi, kesho naleta mtu wa nje."

Basi Kashindye akapanda ngazi na taulo, akagonga. Mlango ulipofunguka na akaona kichwa chenye mvi, maneno yote ya Kiingereza yalimpotea. Magoti yakashuka yenyewe, kama alivyolelewa kwao Magu, ambako binti hamwamkii mkubwa akiwa wima.

"Shikamoo," alinong'ona, macho sakafuni.

Bibi alishtuka. Akadhani binti kaangusha kitu. Naye akapiga magoti, polepole, mkono mmoja kitandani, akaanza kupapasa uvunguni. Akaibuka na ndala moja yenye vumbi, akamwonyesha Kashindye, macho yakiuliza: ni hii?

Kicheko kilimponyoka Kashindye kabla hajaziba mdomo. Bibi akacheka pia, bila kujua wanacheka nini, wakabaki hivyo chini, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Kisha bibi akainuka, akarudi bafuni kwenye ufuaji wake. Ndani ya beseni kulikuwa na gauni jeupe. Akachukua kitenge kipya chekundu, bado kina lebo ya duka, akakilowesha chini ya bomba, akakielekeza kwenye beseni.

"No!" Kashindye aliruka. "Madam, red... run! Red run!"

Mkono ulisimama hewani. Tone moja jekundu likadondoka kwenye vigae, likatanda.

"Oh!" Bibi alilitazama tone, kisha gauni. "Oh, thank you!"

"Me wash. Salt," Kashindye alisema, akishangaa kwamba bado anasema.

Mlangoni, Mama Wilhelmina alikuwa amesimama. "Kumbe una sauti," alisema.

"Hata mimi sikujua, mama."

Kashindye alishuka uani mbiombio na kitenge, akakitumbukiza kwenye maji ya chumvi ili rangi iliyozidi itoke, akimweleza Jovina kila kitu kwa pumzi moja, pamoja na ile ndala. Kengele ya mapokezi ikalia. Jovina hakuinuka. Aliketi kwenye ndoo, akachokonoa sabuni kwenye kucha, akitabasamu.

"Kengele yako hiyo," alisema.

Kitenge kilibaki peke yake kwenye beseni, kikitoa wekundu wake taratibu. Na kwenye ngazi za saruji, nyayo zenye maji zilipanda, zimeachana mbali, kwenda juu mapokezi.