Masikio Yaliyokatwa Mshazari

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, paka wa kahawia mwenye sikio la kushoto lililokatwa ncha alizaa watoto wanne ndani ya boksi la bahasha, katika masjala ya baraza la mji.

Karani wa masjala alimwita mkaguzi wa ndani, mwanamke ambaye hakupenda kuitwa kabla hajavua koti.

"Njoo uone, bosi. Kafungwa kizazi, na bado kazaa. Huyu hata kisu kimemwogopa."

Mkaguzi hakucheka. Katika mkataba wa baraza na kikundi cha kuokoa paka wa soko, sikio lililokatwa lilikuwa na maana moja: paka huyu amefanyiwa upasuaji asizae tena, kwa fedha za baraza. Paka asiye na alama hiyo hubebwa na gari la usafi kila Ijumaa, na wanaobebwa hawarudi. Leo ilikuwa Ijumaa. Saa nne mkurugenzi wa mji angetia saini mkataba wa mwaka wa pili.

Tena, kiongozi wa kikundi, fundi cherehani wa pale sokoni, alikuwa mama mdogo wa daktari wa mifugo aliyefanya upasuaji huo. Undugu huo haukuwahi kumkalia vizuri mkaguzi.

Alimpelekea daktari boksi lote. Daktari aliyatenga manyoya ya tumbo kwa vidole. Hapakuwa na kovu.

"Huyu sijawahi kumgusa."

"Sikio kalikata nani, panya?"

Daktari alivuta taa karibu. "Mimi hukata mstari ulionyooka, paka akiwa usingizini. Huyu kakatwa mshazari."

"Kusema ni rahisi."

"Na kuangalia ni rahisi zaidi. Twende bandani."

Banda la paka lilikuwa nyuma ya soko. Mkaguzi alihesabu masikio mara mbili: thelathini na mawili yaliyonyooka, kumi na moja ya mshazari. Daktari aliwakagua wale kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepasuliwa.

Fundi alisimama mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mama, umewakata wangapi mwenyewe?" mkaguzi aliuliza.

"Saba."

"Nimehesabu kumi na mmoja."

"Basi kama unajua, mwanangu, unaniuliza nini?"

"Mama mdogo, sema tu," daktari alisema.

"Wewe nyamaza! Foleni kwako wiki sita, gari linakuja kila Ijumaa. Wangekufikia wakiwa hai kwa miguu ya nani? Nikashika mkasi. Nikaweka barafu kwanza, sikuwa katili."

Mkaguzi alifungua daftari la madai. Alitarajia kukuta upasuaji arobaini na nne, pamoja na wa yule wa boksini. Kikundi kilikuwa kimedai thelathini na mbili. Alijumlisha upya, kwa kalamu nyingine. Thelathini na mbili.

Saa nne kamili alikuwa mbele ya mkurugenzi.

"Kuna aliyeiba?"

"Sijamkuta. Ila alama haiaminiki tena. Usitie saini."

"Vizuri."

"Na gari lisitoke. Linachagua paka kwa alama hiyohiyo."

Mkurugenzi alimtazama. "Fundi ndiye aliyekutuma useme hivyo?"

"Nimesema nilichohesabu, mheshimiwa."

Mkurugenzi aliandika: mkataba uahirishwe siku thelathini, kila paka akaguliwe na daktari, gari lisubiri. Kisha akampigia simu dereva.

Mkaguzi alirudi bandani na nakala. Paka kumi na mmoja wenye masikio ya mshazari walikuwa tayari katika vizimba vya kubebea, wamepangwa kando ya mlango. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia fundi lolote.

"Gari haliji?" fundi aliuliza.

"Siku thelathini. Na siku hizo baraza halitoi fedha."

"Mwezi mzima," alisema fundi. Hakuuliza habari za fedha.

"Ulijua nitashauri hivi?"

"Mimi nashona nguo, mwanangu. Nishikie hicho kizimba, kina mjamzito."

Mkaguzi alikishika. Njia nzima ya kwenda kwa daktari alimwangalia fundi usoni, na hakuona kitu ambacho angeweza kukiandika.

"Haya, nani analipa?" daktari aliuliza.

"Nitakushonea suti."

"Ya mwaka jana bado haina mikono, mama mdogo."

Saa tano na dakika ishirini, daktari alinawa mikono na kumlaza paka wa kwanza mezani.