Wamkatae

...na wamkatae tu, Mungu wangu, wamkatae kwa upole, sisemi wamvunje moyo, waseme nafasi zimejaa, ajaribu mwakani, basi, maana huyu mjukuu wangu nimemlea tangu hajamaliza kuota meno na leo kuna watu wamekaa mezani huko chuoni, chupa za maji mbele yao, wanajadili kama aondoke kwangu au abaki, na mimi hakuna aliyeniuliza, geuza kichwa kidogo mwanangu, hapo hapo, usisogee, na huyu mama yake amekaa kwenye mkeka katikati ya magoti yangu, simu sikioni, kichwa nusu kimesukwa nusu timtim, yeye ndiye mkubwa wa hiyo programu anayoiomba mtoto, yeye ndiye aliyeianzisha, na leo katolewa kwenye kikao chake mwenyewe kwa kanuni aliyoiandika mwenyewe, kwamba akijadiliwa ndugu yako unatoka nje, wenzake wakitoka husimama kwenye korido wakasoma matangazo ukutani, yeye katoka akapanda basi mpaka huku, akasimama mlangoni na mkoba wake, hata viatu hajavua, mama nisuke, sauti ileile ya darasa la pili, mama nisuke, nikajua ana woga kama mimi, ila nikadhani kila mtu na woga wake... "Hapana, sikiliza," anasema, si kwangu, kwa simu, "hema ni la watu wawili, na mwenzako hakoromi kwa kupenda, sasa wewe unataka kuongoza hifadhi na unakimbia mkoromo, na simba je, utamwambia ahamie hema lingine?" na huko simuni mtu anacheka, nasikia kicheko chembamba, huyo lazima ni yule wa mjini, yule anayeogopa ng'ombe, majina yao siyajui lakini wote nawajua kwa simu, yuko binti wa mchoma mkaa, yuko kijana asiyesikia ambaye akipiga mwanangu anaisimamisha simu kwenye kikombe na kuchezesha vidole mpaka mimi nacheka bila kujua kimesemwa nini, yuko yule ambaye baba yake alifungwa kwa kuua tembo, siku mwanafunzi huyo alipochukuliwa watu wa chuo walimjia juu mwanangu, wakamwambia unaleta chui zizini, yeye akawajibu mapori haya yameongozwa na watu wa aina moja miaka yote na tumeona yalikofika, hayo alinisimulia yeye, amesimama hapa katikati ya chumba, anatikisa kijiko, na mimi nikamwambia kula kwanza... anaokota watoto wa kila namna, wa wavuvi, wa wafugaji, wa wafagiaji, anawafundisha kuwa wakubwa wa misitu na maji na wanyama, fundi cherehani hapo barazani huniuliza, "Mama, bado mwanao anafundisha nyani?" namwambia anafundisha watu, ananijibu, "Angechagua nyani, nyani haombi ruhusa ya kwenda msibani," halafu anashona zake, naye ndiye mtu ninayezungumza naye mchana kutwa, huyo na redio... "Nipigie," anasema mwanangu, "nipigie hata kama huna la kusema, umenielewa? Hata kama ni kunyamaza tu," na mkono wangu unasimama kwenye nywele, maana hayo maneno sijawahi kuyapata mimi, mimi nilipomwambia goti linaniuma alinijibu, nimelipokea mama, tutalifanyia kazi, akashtuka mwenyewe, akaona amenijibu kama anajibu kamati, tukacheka mpaka machozi, lakini goti bado linasubiri kufanyiwa kazi... wamkatae, ndiyo, kwani nimeomba kikubwa, wiki ile aliyokwenda mtoto matembezi ya shule nilipika cha wawili, nikapakua sahani mbili, nikaketi, ndipo nikakumbuka, nikala zote mbili kwa aibu kana kwamba kuna mtu dirishani, na usiku nyumba inalia yenyewe, bati linakunjuka, jokofu linaguna, akiwepo yeye sauti hizo hazipo, akiwepo yeye anabishana na redio, ananiambia mama chumvi umeshaweka, ananisomea ujumbe wa watu kwa sauti za watu wenyewe, mimi ananiita mama na huyu aliyemzaa anamwita Daktari, kwa ile shahada yake, ulianza kama utani, mtoto alipokuwa mdogo, mama yake akija mara moja kwa muhula na zawadi kwenye mfuko, Daktari amekuja, na utani ukakosa mtu wa kuumaliza... na mtoto sasa yuko wapi, katoka asubuhi, eti anafuata uzi wa kunisaidia kusuka, duka liko ng'ambo ya barabara, nikiinua shingo naliona, najua anazunguka mitaani na moyo wake mkononi, hatarudi mpaka simu hii ilie neno, na simu hii inalia mambo ya mahema.

"Haya, kaeni salama huko," anasema, anaiweka simu juu ya mkeka, kioo juu, tunaitazama wote wawili, haisemi kitu, nagawa mstari mwingine kutoka sikioni kwenda kisogoni, na vidole vyangu vinafika mahali na kukosa nywele. Narudi tena, labda nimeteleza kwa mafuta, narudi, ni ngozi, ngozi laini, upana wa kifuniko cha chupa, nyuma ya sikio ambapo kitambaa chake cha kichwani hufunika, "Hapa pamefanya nini?" "Wapi?" "Hapa." "Aa, kofia mama, zile kofia za jua zinabana," na kofia gani inabana mahali pamoja tu, mimi najua kichwa hiki, nimekiosha kabla hakijajua kukaa wima, nakumbuka mwaka ule tulipomzika baba yake, alikuwa anakaa dirishani, kidole kinazunguka, kinazunguka nyuma ya sikio, kinang'oa unywele mmoja, anautazama, anaupeperusha, na mama yangu mzaa chema, Mungu amrehemu, aliniambia usimpige, mtoto ambaye mkono wake umekosa mtu wa kumshika hujishika mwenyewe, nikawa namlaza na mkono wake ndani ya wangu mpaka nywele zikarudi, kumbe hazikurudi moja kwa moja, kumbe anao watoto wa watu simuni asubuhi na jioni, nipigie hata kama huna la kusema, na akishaweka simu ndani ya ile nyumba ya chuo ambayo sijawahi kufika, kila siku atanipeleka, kila siku muhula ujao, akishaweka simu anakaa wapi, dirishani, kidole kinazunguka... nataka kumuuliza unakula na nani, nauliza, "Inauma?" anasema, "Hapana," halafu bila kugeuka, maana nimemshika, "Mama, wakimkataa utafurahi?" na chanuo linanitoka, linaangukia mgongoni kwake, analiokota, ananirudishia kwa juu ya bega, bado hageuki, mimi nasema inamisha kichwa, yeye anainamisha, na huko chini, sauti ikiingia kwenye magoti yake, anasema, "Usinifiche. Hata mimi nimeomba wamkatae." Nasema wewe? "Mimi." Mwanao? "Akija kule ataona ninavyoishi, mama. Huku anajua nina kazi nyingi. Hilo linatosha. Akija ataona kazi inaisha saa kumi na moja jioni," na mimi ningemwambia nilikula sahani mbili, nusura nimwambie, ulimi umefika kwenye meno, lakini angecheka na mimi sitaki acheke sasa hivi, namwona toka juu, mgongo huo, shingo hiyo ya baba yake, na kitu kinaniingia polepole kama baridi ya sakafu, kwamba humu ndani tumo watu wazima wawili, mmoja amemzaa na mmoja amemlea, na tangu asubuhi hakuna hata mmoja aliyemwombea mtoto, sisi wote tumekuwa tukijiombea wenyewe kwa jina lake, wanaomtazama leo kwa ajili yake mwenyewe ni wageni, wale wa chupa za maji, wasiojua hata kwamba anabishana na redio, na yeye yuko huko barabarani anazunguka, anaamini nyuma yake kuna nyumba nzima imepiga magoti... kweli tumepiga, lakini vipi... Mungu wangu, lile nililosema, sijui kama likishapanda linateremshwa, wewe unajua, mimi sikusoma, nasema tu, na kulisema jingine ni kazi, limekaa kifuani kama jiwe la kusagia, nagawa nywele mafungu matatu, karibu na pale penye ngozi, nazivuta kutoka juu zipafunike, si kwa nguvu, asije akaumia, naye anaegemeza shavu kwenye goti langu lile bovu, sijamwambia kwamba ndilo, simu iko palepale imekaa kimya, mlangoni hakuna mtu, fungu la kushoto juu ya la katikati, wamchukue, nalisema ndani bila sauti, la kulia juu ya lile, wamchukue, linauma, narudia kushoto, wamchukue, linauma vilevile, sijalizoea, naendelea kusuka.