Jani la Kaka Melkiori

Mektilda aliamini pua yake kuliko daktari yeyote, na pua hiyo ndiyo iliyomponza. Kaka yake Melkiori, aliyeuza naye vitenge Kariakoo miaka kumi na minane, siku moja alipepesuka kati ya marobota tangu asubuhi, ulimi mzito. Mektilda akamwamuru afungue mdomo mbele ya wateja, akamnusa. Hakupata harufu yoyote.

"Siku hizi kuna pombe zisizonuka," alitangaza.

"Dada, mpeleke hospitali kwanza," alisema Hamud wa duka la jirani.

"Hamud, wewe pombe huijui hata rangi."

Wateja wakacheka. Melkiori hakucheka. Alinyang'anywa funguo za duka, akarudishwa nyumbani Ilala kama mtoto mtukutu.

Baada ya wiki alituma jani la isale. Kwa Wachaga, jani hilo likiletwa, ugomvi umekwisha. Hata mwenye kisasi hulipokea. Na safari hii aliyelileta ndiye aliyeonewa! Mektilda aliliacha juu ya meza ya duka mpaka likakauka, kisha akalifagia pamoja na nyuzi na vumbi.

Leo, hospitalini Upanga alikolazwa Melkiori, daktari Zeina alimwonyesha Mektilda picha ya kichwa cha kaka yake. Alieleza taratibu, kidole kikitembea juu ya picha. Hapa mbele ndipo mtu hupima maneno na kujizuia. Pembeni husikia na kutunza kumbukumbu, na huku nyuma huona. Chini yake, juu ya shingo, kuna ubongo mdogo, kama ngumi ya mtoto, unaonyoosha hatua, mkono na ulimi. Hapo palikuwa na uvimbe.

"Ubongo huo mdogo ukiguswa, mtu hutembea kama mlevi," alisema daktari. "Tunampasua kesho. Siwezi kukuahidi kwamba atatoka salama."

Mektilda aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Yeye ile sehemu ya mbele, ya kujizuia, alikuwa nayo nzima kabisa, wala hakuitumia.

Alitoka mbio. Nje ya maghorofa ya jirani palipandwa isale kwa urembo. Akachuma jani moja huku mlinzi akimfokea, akarudi nalo wodini, akapiga magoti penye kitanda.

"Kaka, nimekukosea. Nipokee."

Melkiori alilitazama. "La kwangu uliliweka wapi?"

Angeweza kudanganya. "Nililifagia, kaka."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Kisha Melkiori akanyoosha mkono. Ukalipita jani, ukarudi, ukalipita tena. Mektilda alitamani kumsogezea, lakini jani hilo hulichukua mwenyewe anayesamehe. Akabaki amepiga magoti, aibu ikimchoma, akimwangalia kaka yake akikosa mara ya tatu, na ya nne.

Mara ya tano alilikamata, pamoja na kidole cha dada yake, akabana.

"Sasa nipe funguo zangu," alisema.

Zilikuwa kwenye pochi tangu siku ile. Mektilda alizitoa, akaziweka chini ya mto wa kaka yake.