Kufuli la Wiki ya Nyumbani

Mara saba mchana ule, mtu aligonga mlango niliokuwa nimeufunga jana yake. Kila alipogonga, seva, kompyuta inayotunza kurasa zangu, iliandika jina alilojaribu kuingilia: kasuku. Niliisoma mistari ile polepole, kama mtu anayesikia akiitwa kutoka chini ya maji.

Kasuku ni mimi. Jina hilo alinibandika kaka yangu, eti nilipoanza kusema sikunyamaza tena. Siku alipogombana na baba akaondoka na begi moja, aliondoka na hilo jina pia. Miaka minne, si simu, si salamu.

Mlango wenyewe ulikuwa wa wiki yangu, daftari la mtandaoni ambalo kurasa zake zimeshikana mikono: ukibonyeza "mama" unafika kwenye goti lake, ukibonyeza goti unafika kwenye ngazi alipoanguka. Niliandika mambo yote ya nyumbani, na chumvi nikatia. Nikaiacha wazi. Nani asome porojo zangu?

Wateja wa dada walisoma. Dada ni fundi cherehani.

"Wewe mtoto," aliniambia, pini zikiwa bado mdomoni, "leo nampima mtu kiuno, ananiuliza kama kweli nakoroma kama jenereta!"

"Kwani uongo?"

"Funga hicho kitu, au nikushone mdomo."

Nikaweka nenosiri refu, nikajiona mtaalamu. Sikuangalia hata kidogo nani mwingine alikuwa akisoma.

Sasa nikafukua kumbukumbu za nyuma za seva. Kompyuta moja ya mbali ilikuwa ikiingia kila siku, saa ya mapumziko ya mchana, kwa miaka miwili. Ilipita ukurasa baada ya ukurasa, taratibu, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba na viatu mkononi. Ukurasa wa baba ndio uliofunguliwa kuliko wote.

Utani ukaniisha. Kwa kaka, mara saba ni nyingi mno. Hakuwa mtu wa kuomba. Kesho angeweza kutojaribu tena.

Nikamsajili mtumiaji anayeitwa kasuku. Halafu nikabadilisha maneno yanayomtokea mtu aliyekataliwa: "Kaka, ni mimi. Jina ni hilohilo. Nenosiri ni kile ulichovunja ukasema nimevunja mimi."

Kesho yake mchana nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta bila kupepesa. Aligonga mara moja. Akaingia.

Alikaa muda mrefu kwenye ukurasa wa baba. Kisha, chini kabisa, mstari mpya ukatokea: "Kikohozi chake kimepona?"

Baba alikuwa sebuleni. Nilimpelekea kompyuta mapajani, nikamwambia nani ameuliza. Alisoma mara mbili, midomo ikicheza bila sauti. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Hapa," akasema, kidole kikining'inia juu ya vitufe, "naandika wapi?"