Irabu Fupi za Vendulka

Huku Ostrava, mji wetu wa makaa hapa Ucheki, kufundisha irabu fupi si kazi, ni likizo. Watoto wetu huzaliwa nazo. Tunakata maneno hata pale yanapotakiwa kuvutwa, ndiyo maana watu wa Praha hutucheka eti tuna midomo mifupi. Waache wacheke. Mimi jasho hunitoka baadaye, tukifika irabu ndefu.

Mwaka huo nikaletewa Vendulka.

Mtoto wa hapahapa, mjukuu wa mchimba makaa, lakini akishika kitabu anavuta utadhani anaita mtu ng'ambo ya mto. "Paaakaaa waaa Oootaaa aaanaaa kooofiaaa." Darasa zima hoi kwa kicheko.

"Mpraha huyo!" Bořek akapaza sauti. "Mwalimu, mrudishe kwao!"

"Kwetu ni hapa," Vendulka akamjibu, "na pua yako ni ndefu kuliko irabu zangu."

Nilimpenda papo hapo. Lakini Ijumaa ilikuwa inakaribia, siku ya kutawazwa. Watoto wa darasa la kwanza huenda maktaba, kila mmoja husoma sentensi yake mbele ya watu wa nyumbani. Nikiitikia kwa kichwa, mfalme wa maigizo humgusa mabega kwa upanga wa mbao, na tangu hapo ni msomaji. Nisipoitikia, anarudi kukaa.

"Babu ameshapiga suti pasi," Vendulka akaniambia. Babu Alojz ndiye aliyemlea. Mimi sikuwahi kuonana naye. "Nisipotawazwa nitamwambia nini, Mwalimu?"

Nikajaribu makofi, nikajaribu kugonga meza. Wapi! Mwishowe nikauona mkate wake wa mapumziko, rohlík, ule mwembamba uliopinda.

"Ng'ata," nikamwambia. "A. Ng'ata tena. E. Meno yakikutana, irabu imekwisha."

Akaumaliza mkate wake, akaumaliza wangu, na Bořek, kwa kunung'unika, akatoa nusu ya wake. Kufikia Alhamisi binti alikuwa anakata maneno kama sisi sote. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, siwezi kukataa.

Ijumaa, bwana Kubala wa maktaba alivaa taji la karatasi na pazia la dirishani, akawa mfalme. Zamu ya Vendulka ikafika. Akasimama wima, akasoma: "Paka wa Ota ana kofia." Safi kabisa, hakuna kilichozidi. Nikaitikia kwa nguvu zote.

Mzee wa mstari wa mbele, mwenye suti iliyonyooka, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Ameshaanza?" akauliza kwa sauti iliyotikisa madirisha. "Mbona sisikii kitu?"

Mama aliyekaa kando yangu akaninong'oneza kwamba Alojz aliyamaliza masikio yake machimboni, kwenye mashine za kutobolea mwamba. "Huyo mtoto humsomea kila jioni," akasema. "Mtaa mzima tunasikia."

Uso ukaniwaka moto. Wiki nzima nilikuwa nimemfundisha mtoto asisikike na mtu pekee aliyekuja kwa ajili yake.

Vendulka akanitazama. Nilijua anaomba ruhusa. Nikaitikia tena, taratibu safari hii.

Akamgeukia babu yake. "Paaakaaa waaa Oootaaa aaanaaa kooofiaaa!"

Hakuna aliyecheka. Bořek alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

"Ala! Paka ana kofia!" mzee akapiga goti lake kwa furaha, machozi yanamtiririka. "Mmesikia? Kasoma mwenyewe!"

Mfalme alibaki na upanga hewani, taji limemwendea upande. "Bi Mwalimu," akaninong'oneza, "amesoma namna mbili. Namtawaza kwa ipi?"

"Mabega anayo mawili," nikamwambia. "Gusa yote."