Roshani Inayotazama Mtumba

Baba yangu, mzee Yoramu, alinifundisha kuchomelea vyuma nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yasinipeleke popote. Hakuniuliza kama nataka. Alinivisha miwani nyeusi, akanishika mkono wa kulia, tukauvuta pamoja mstari wa kwanza juu ya kipande cha flati bari, ule ukanda bapa wa chuma. Kwa miaka tisa karakana yetu ya Ihumwa ilikuwa na mafundi wawili tu, yeye na mimi. Saa saba mchana tulikula ugali na mlenda kwenye sahani moja. Nyumbani jambo hilo lisingewezekana, binti ana mahali pake na baba ana pake. Lakini karakanani baba aliwaambia wateja, "Huyu ni fundi mwenzangu," na fundi hula na fundi.

Kisha akaja Suleiman.

Alikuwa Msandawe wa Chemba, umri wetu karibu sawa, na alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha vitanda Morogoro. Kule walichomelea kwa mashine ya waya. Waya mwembamba unajitoa wenyewe kwenye bunduki, gesi kutoka kwenye mtungi inaufunika moto, na kiungo kinatoka safi. Sisi tulitumia fimbo, zile zilizopakwa unga mgumu ambao ukiungua unaacha ganda jeusi juu ya kiungo. Unaligonga ganda, unasugua kwa brashi, ndipo unaona kazi yako. Baba alinunua mashine ya waya iliyokwisha kutumika, akasema nyumba za siku hizi zinataka maua, na maua ya chuma chembamba hayapendi fimbo.

Siku ya kwanza Suleiman kula nasi, baba aliniambia, "Paulina, mnawishe mgeni."

Nikachukua jagi na beseni, nikamnawisha. Nilipomaliza kuweka beseni chini, nafasi yangu kwenye benchi ilikuwa imekaliwa. Baba hakuona. Nilikula baadaye, nyuma ya mtungi wa gesi, na kesho yake ikawa hivyo tena, na keshokutwa.

Walipenda kuchekeshana. Baba alitaka kujua Kisandawe, ile lugha ya kugonga ulimi.

"Ulimi uubandike juu, mzee, halafu uubandue kwa ghafla."

Baba akajaribu. Ikatoka sauti ya mtu anayefukuza kuku.

"Hapo umetukana mtu, mzee!"

"Nimemtukana nani?"

"Kijiji kizima!"

Baba alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akajifuta macho na kitambaa cha kufutia grisi. Mimi nilikuwa nakata bomba kwa grenda. Niliendelea kukata hata pale lilipokwisha kukatika. Miaka tisa, na sikuwahi kumchekesha hivyo.

Mwezi wa sita alikuja mama Josephine, mtumishi wa wizara moja pale Mtumba. Alikuwa anamalizia nyumba ya ghorofa hapo Ihumwa na alitaka kingo za ngazi na za roshani, zenye mikunjo na majani. Baba akamwambia kuna njia mbili za kuchomelea, ya fimbo na ya waya, naye ataona mwenyewe. Tukatengeneza vipande viwili vya mchoro mmoja, mimi kwa fimbo, Suleiman kwa waya.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilichagua fimbo nyembamba kuliko zote, nikapunguza moto, nikagusa na kuachia, nikagusa na kuachia. Viungo vya mabomba vilitoka vizuri. Majani ndiyo yalinishinda. Jani moja liliungua ukingoni likabaki na tundu, na cheche zilikuwa zimeganda juu ya bomba kama vipele.

Mama Josephine alivipitishia kidole.

"Hiki cha nani?"

"Changu, mama."

"Kina nguvu, naona. Lakini jani limeliwa hapa." Akageukia kingine. "Na hiki? Hiki kama kimeota!"

"Chuma chembamba kinataka waya, mama," baba akasema. "Fimbo ina ubabe. Waya una adabu."

Alisema hivyo mbele yangu, yeye aliyenifundisha kwamba anayejua fimbo hana cha kuogopa duniani.

"Basi nataka adabu," mama Josephine akasema, wakacheka wote.

Alipoondoka, Suleiman alinisogelea. "Dada Paulina, usinune bwana. Nitakufundisha waya, wiki moja tu utakuwa umeiva."

Najua hakuwa na ubaya. Laiti angekuwa nao.

Jioni ile baba alitoa kijitabu kilichokuja na mashine. Kilikuwa cha Kiingereza. Yeye aliishia darasa la saba, na Suleiman kazi yake aliijua kwa mkono, si kwa kitabu. "Msomi wetu, tusomee," baba akaniambia. "Tusije tukaharibu kazi ya watu."

Nikasoma na kueleza. Namna ya kufunga mtungi, namna ya kupima mwendo wa waya, moto gani kwa bomba la unene gani. Wao waliketi bega kwa bega. Suleiman alikuwa akimwonyesha baba kwa vidole jinsi bunduki inavyoinamishwa, na baba akaiga, mikono yao miwili ikainama pamoja hewani.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na picha ya mti uliopindwa na upepo, na mstari wa kukataza umeikata. Chini yake iliandikwa kwamba gesi ya mashine hii hupeperushwa. Isitumiwe nje penye upepo bila kukinga, maana kiungo kitajaa matundu.

Nilifunua ukurasa mwingine.

"Hapo wanasema nini?" baba akauliza.

"Habari za kiwanda chao tu."

Kingo za ngazi zilitengenezwa ndani ya karakana, milango imefungwa kwa sababu ya vumbi. Zilipendeza sana. Sitadanganya juu ya hilo. Lakini za roshani zilipaswa kuunganishwa kule kule juu, kwenye nguzo zilizokwisha kuchimbiwa katika zege. Roshani ile inatazama mashariki, kuelekea Mtumba, na kati yake na Mtumba wakati ule hakukuwa na kitu zaidi ya mbuga tupu. Ilikuwa Julai. Anayekaa Dodoma anajua Julai upepo unatoka wapi na unavuma kwa muda gani.

Nilikwenda kama msaidizi. Nilishika vipande, Suleiman akachomelea. Kiungo cha kwanza kilitoa mlio wa kutapatapa, tofauti na ule wa karakanani. Alipoinua miwani, kiungo kilikuwa na matundu kama andazi.

"Gesi hii vipi?" akasema. Akafungua mtungi zaidi. Kikawa kibaya zaidi. Akabadilisha waya, akasafisha ncha ya bunduki, akakata na kuanza upya. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Kufikia saa sita alikuwa amemaliza mtungi mmoja na sehemu ya wa pili, akimlaumu aliyetuuzia gesi.

"Dada, wewe unaonaje?"

"Mimi mtu wa fimbo," nikamjibu. "Ya waya nitayajulia wapi?"

Nilisikia utamu niliposema hivyo. Lazima niuandike, maana ulikuwepo. Nilikuwa nahesabu saa mpaka baba atakapokuja.

Baba alikuja alasiri, akapanda ngazi polepole kwa sababu ya kifua chake. Suleiman alikuwa amesawazisha viungo vichache kwa grenda, akitumaini ndani ni vizima, lakini kila alipokata matundu mapya yalifunuka. Alishika ukingo kwa mikono miwili, akausukuma kwa goti. Ukakatika kwenye nguzo ya pili na kuning'inia nje, juu ya matofali ya mafundi ujenzi.

Tukaurudisha ndani sote watatu.

"Huku mama atakaa na wajukuu zake," baba akasema. Koti lake refu la kazi lilikuwa linampigapiga miguuni. Akalitazama. Akainua mkono, akaona jinsi upepo unavyopita kati ya vidole. Halafu akanitazama mimi.

"Suleiman, shuka kaniletee maji ya kunywa."

Suleiman aliposhuka, baba aliuliza kwa Kigogo, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Kile kitabu kilisema nini juu ya upepo?"

Ningeweza kusema hakikusema. Asingejua kamwe.

"Kilisema mashine isitumike kwenye upepo, baba."

"Ukakisoma?"

"Nikakisoma."

"Ukaruka."

"Nikaruka."

Alikaa juu ya ndoo ya rangi. Hakupandisha sauti wala hakuniuliza kwa nini. Suleiman aliporudi na maji, baba alimwambia, "Ni upepo, unaiba gesi yako. Paulina amekumbuka aliliona jambo hilo kitabuni. Hapa juu tutatumia fimbo, majani tutayaunganisha karakanani kwa waya, tuje nayo yameshakamilika. Kila kitu mahali pake. Paulina atachomelea."

"Asante dada!" Suleiman akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umeniokoa! Nilitaka kujitupa na mtungi."

Nilichomelea roshani nzima kwa siku mbili, nikiupa upepo mgongo. Fimbo haikuhangaika, ganda lake lilifunika moto kama linavyofunika siku zote. Mama Josephine alisifu. Nilichokitaka nilikipata: kazi ilikuwa yangu, na Suleiman alinishikia vipande.

Wiki iliyofuata nilimwona baba akivuka barabara, kijitabu kwapani, kwenda kwa mwalimu Stanley, jirani yetu. Alikaa huko mpaka adhana ya magharibi. Alisomewa kitabu upya, kurasa zote. Hakunificha na hakunitajia. Tangu hapo barua yoyote ya Kiingereza, cheti cha hospitali, hata maandishi ya kwenye kopo la rangi, alimpelekea mwalimu. Mchana aliniita tena nile naye. Tulikula watatu, na sikuhisi ladha.

Alifariki Machi mwaka huu, kifua. Tulimzika Gulwe, karibu na reli. Suleiman alichimba kaburi pamoja na binamu zangu, kisha akasimama pembeni, kofia mkononi, akalia kwa sauti bila kujificha. Shangazi Yudith alimuuliza yeye ni nani kwetu.

"Mzee alinipokea kama mtoto wake," akajibu. "Na huyu dada ndiye aliyenitoa aibuni, pale Ihumwa. Mzee alikuwa akinisimulia kila mara, 'Binti yangu ndiye aliyeuona upepo.'"

Shangazi akanikumbatia. "Umesikia alivyokuwa akikujivunia?"

Nilimtazama Suleiman. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni naye hakuyafuta. Hakuwa na lolote la kumficha marehemu. Mimi, kila nilipotaka kulia, nilimwona baba anavuka barabara na kijitabu kwapani. Nilimwonea Suleiman wivu hata pale, juu ya udongo mbichi. Aliponisogezea koleo ili nami nitupe udongo, nililipokea bila kumshukuru.